Mbwa wako ameondoka: urudie mbegu ileile, uhamie nyingine, au uchukue chotara?

Ukishamzika mbwa, siku chache tu swali linafika. Bakuli lake bado liko pembeni ya mlango, kamba yake bado imening'inia kwenye msumari, manyoya yake bado unayaokota kwenye nguo, na tayari kuna mtu anakuuliza utachukua mwingine lini. Na kwa wengi wetu jibu linatoka lenyewe hata hatujafikiria: nachukua vilevile. Aliyefuga Rottweiler anataka Rottweiler, wa Labrador anataka Labrador, na ukimwambia ajaribu kingine anakuangalia kama umemtukania marehemu.

Namuelewa kabisa mtu huyo maana ndo mimi. Nimefuga German Shepherd watatu, Simba nikiwa mdogo nyumbani kwa wazazi, Bosi nilipoanza maisha yangu, afu Malkia, na katikati hapo hakuna hata siku moja niliwaza mbegu nyingine. Saa hizi nna chotara anaitwa Chui, mama yake Shepherd baba yake hajulikani. Dada yangu tuliyekua naye na Simba yeye alihama kabisa, anafuga Beagle. Kwahiyo njia zote tatu ziko kwenye familia yetu, nimeona kila moja inavyofurahisha na inavyouma, na namwandikia aliyekwama saa hizi.

Sisemi njia ipi ni bora kwa wote. Haipo. Ila kuna maswali ukijiuliza kwa ukweli utaona ipi ni yako.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza ni tabia, yani unaweza kukisia kwa kiasi gani mbwa atakuwaje kabla hujamleta nyumbani. Cha pili nguvu, na hapa nasema mwili wako na muda wako wa leo, sio wa siku ulipomleta yule wa kwanza. Cha tatu afya, maana kila mbegu inakuja na maradhi yake. Cha nne moyo. Hiki watu wanakiruka wanaona ni mambo ya hisia tu, kumbe ndo kinachoamua kama mbwa mpya atapendwa yeye mwenyewe au ataishi maisha yake yote kama kivuli cha mwenzake. Mwisho kabisa kila njia nitasema inamfaa mtu gani.

NJIA YA KWANZA: KURUDIA MBEGU ILEILE

Tabia

Faida kubwa ya hii njia ni kwamba unaijua lugha. Mi Shepherd akisimamisha masikio na kukaza mkia najua anawaza nini kabla hajabweka, najua akinifuata chumba hadi chumba hana shida yoyote, ndo walivyo, najua akikosa kazi atajitafutia kazi na hiyo kazi aliyojitafutia sitaipenda. Huo ujuzi umechukua miaka mingi na ni mali, usidanganywe kwamba ni ukaidi tu.

Lakini sasa. Kuna utafiti mkubwa ulitoka kwenye jarida la Science mwaka 2022, walikusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na wakasoma jeni za mbwa zaidi ya 2,000, wakakuta mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Asilimia 9! Sio kwamba mbegu ni bure, yale mambo ya kikazi kama kurudisha kitu ulichorusha, kulia kwa sauti ndefu, wepesi wa kufuata maelekezo, hayo yanabebwa na mbegu zaidi. Ila ule upole, ule uoga, jinsi anavyokasirika au asivyokasirika, mbegu peke yake haikuambii sana. Nilivyosoma hiyo nikamkumbuka Bosi papo hapo. Simba radi ikipiga alikuwa anainua kichwa tu anarudi kulala, Bosi mbegu hiyohiyo radi ikipiga anaingia chini ya kitanda anatetemeka mpaka sakafu unaisikia.

Kuna kitu kingine ambacho wapenzi wa mbegu wenyewe tunakisahau, kwamba jina moja linabeba koo nyingi. German Shepherd tangu Max von Stephanitz aanzishe mbegu hii rasmi kule Ujerumani mwaka 1899 na dume lake Horand von Grafrath, mbegu imegawanyika, kuna koo za kazi na koo za maonyesho, na ukiwaweka pamoja unaona kabisa mgongo tofauti, mwendo tofauti, moto tofauti. Labrador hivyohivyo, wa kuwinda na wa maonyesho ni kama binamu. Kwahiyo ukisema nataka vilevile, jiulize vilevile vipi, maana unaweza kurudia jina ukakosa mbwa.

Nguvu

Hapa ndo panaponiuma. Malkia alipokaribia miaka tisa miguu ya nyuma ilianza kulegea, tukawa tunampitishia taulo chini ya tumbo mmoja anashika huku mwingine huku tunamsaidia kwenda kujisaidia nje, mara nne kwa siku, usiku mara moja. Alikuwa na kilo 31. Nilimbeba kwa mapenzi na sijutii hata siku moja, ila mgongo wangu haujawahi kurudi ulivyokuwa, na Bosi aliyekuwa na kilo 38 nisingeweza kumbeba kwa umri huu. Uaminifu kwa mbegu ya mbwa mkubwa una hilo ndani yake, hakuna anayekwambia ukiwa na miaka 25. Mbwa wa kwanza unamkimbiza, wa pili unatembea naye, wa tatu unaanza kuhesabu ngazi.

Afya

Faida ni kwamba maradhi ya mbegu yako unayajua na unaweza kuyawinda mapema. Shepherd ni nyonga zisizokaa sawa, na ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaoua miguu ya nyuma taratibu ambao una kipimo cha jeni. Doberman ni moyo, tena utafiti mmoja wa Ulaya ulikuta zaidi ya nusu yao wanapata ule ugonjwa wa moyo kutanuka ndani ya maisha yao. Cavalier King Charles ni vali ya moyo. Dachshund ni mgongo. Golden Retriever saratani inawasumbua sana, mpaka shirika la Morris Animal Foundation limekuwa likiwafuatilia zaidi ya 3,000 toka mwaka 2012 kutafuta chanzo. Labrador karibu robo wana hitilafu ya jeni moja inayowafanya wasikie njaa kila saa, ndo maana anakuangalia hivyo na bakuli ametoka kulilamba sasa hivi.

Hasara ni kwamba ukirudia mbegu unarudia na foleni ya maradhi hayohayo, na kama mwenzake alikufa nayo, itabidi uwe tayari kuyaona tena. Mimi nasema wazi: ukirudia mbegu ileile bila kudai picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili, huo sio uaminifu kwa mbegu. Hizo picha zina maana mbwa akiwa amekomaa, shirika la OFA la Marekani ambalo linakagua picha hizo tangu 1966 halitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla ya miezi 24, kwahiyo mtu akikuonyesha jike la mwaka mmoja limeshazaa na anasema nyonga safi, aondoke nalo.

Na kuna hadithi moja inanipa moyo kuhusu hili. Dalmatian wote wa asili wana kasoro ya jeni inayofanya mkojo wao ujae asidi ya uriki mpaka wengine wanapata mawe. Mwaka 1973 mtafiti mmoja wa Marekani, Robert Schaible, alimzalisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, afu vizazi vilivyofuata akawa anarudisha kwa Dalmatian tupu, na jeni nzuri ikabaki. Wapenzi wa mbegu wengi walikataa katakata, eti damu imechafuliwa, na ilichukua mpaka 2011 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kuukubali uzao huo kwenye daftari. Kwangu mimi yule aliyeingiza Pointer ndo aliwapenda Dalmatian kuliko wote.

Moyo

Nimefanya kosa hapa na nalisema ili wewe usilifanye. Bosi mwaka wake wa kwanza nilikuwa namwita Simba. Sio mara moja mbili, kila siku. Akikataa kuruka maji nasema Simba angeruka, akimkimbilia mgeni kwa furaha nasema Simba angesimama kwanza, na yule mtoto wa mbwa alikuwa anageuka ananiangalia anangoja jina lake. Sura ileile inakudanganya kwamba ni mtu yuleyule amerudi. Si yeye. Hata waliolipia teknolojia wampate yuleyule hawampati, mwimbaji Barbra Streisand alitengenezewa nakala mbili za mbwa wake Samantha baada ya kufa, akasema mwaka 2018 kwamba wana haiba tofauti, na hao wana jeni zote sawasawa, sembuse wako ambaye anashiriki naye jina la mbegu tu.

Ila kuna upande wa pili na ni wa kweli pia. Kuna watu sura ileile inawaponya. Unashika kichwa kile, mkono unakumbuka pa kukuna, na huzuni inalainika badala ya kukaza. Mama yangu alikuwa hivyo. Alipomuona Bosi mara ya kwanza alikaa chini sakafuni akamkumbatia na kulia, na tangu siku hiyo ndo akaanza kumtaja Simba tena bila kuumia.

Inamfaa nani

Anayeijua mbegu yake mpaka kasoro, mwili wake bado unaubeba uzito ule, na ameshaweza kukaa na picha ya marehemu bila kutafuta mtu wa kujaza nafasi. Mtu huyo arudie bila aibu.

NJIA YA PILI: KUHAMIA MBEGU NYINGINE

Tabia

Unaanza upya na watu wanadharau sana ukubwa wa hilo. Dada yangu alitoka kwa Shepherd akaenda kwa Beagle, alitaka mdogo kidogo, mchangamfu, basi. Kilichompata ni kwamba alikuwa anafuga Beagle kwa kichwa cha mtu wa Shepherd. Shepherd ukimwita anageuka kwa sababu umemwita. Beagle alizalishwa kufuata harufu ya sungura bila kumuuliza mtu, pua ikishakamata kitu masikio ni kama yamefungwa, na dada akawa anasema huyu mbwa ni mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa anafanya kazi yake kwa ufasaha mkubwa na mwenye mbwa ndo hakuijua kazi hiyo. Ilimchukua karibu miaka miwili kuacha kungoja macho ya Shepherd kwenye uso wa Beagle, saa hizi ukimtenganisha naye mtagombana.

Kwahiyo ukihama usiulize mbwa huyu anafananaje, uliza babu zake walizalishwa kufanya nini. Border Collie atachunga, kama hakuna kondoo atachunga watoto na baiskeli. Terrier atachimba. Greyhound anakimbia karibu kilomita 70 kwa saa ila dakika zile zikiisha analala mchana mzima, watu wanashangaa kwamba mbwa mwenye mbio kuliko wote ndo mvivu wa nyumbani, ila ukimfungua kamba sehemu ya wazi akaona kitu kinakimbia umeshampoteza.

Nguvu

Hapa ndo kuhama kunang'aa. Mtu umebadilika. Ulikuwa na uwanja sasa unaishi ghorofani, ulikuwa unaamka saa kumi na moja kukimbia sasa goti halitaki, ulikuwa peke yako sasa kuna mtoto anatambaa. Mbegu uliyoipenda haikubadilika pamoja na wewe. Kumleta mbwa wa kazi kwenye maisha yasiyo na kazi kwasababu tu babu yake alikuwa mwenzako, mi naona ni kumuonea.

Hata Malkia Elizabeth wa Uingereza, ambaye sidhani kama kuna mtu anatajwa na mbegu moja kama yeye na Corgi, hakuwa mgumu kiasi hicho. Corgi wa kwanza aliingia nyumbani kwao 1933, yeye akapewa Susan alipotimiza miaka 18 mwaka 1944, na kwenye maisha yake alifuga zaidi ya 30, wengi wao damu ya huyo Susan. Lakini humo humo ndani walichanganyikana na Dachshund wa mdogo wake wakapatikana wale wanaoitwa Dorgi, na akawapenda vilevile. Na uzeeni iliripotiwa kwamba ameacha kuzalisha kwa kuwa hakutaka kuacha mbwa wadogo nyuma yake. Yani hata uaminifu wa miaka 80 na zaidi ulikuwa unajipima na umri.

Afya

Maradhi mapya, masomo mapya. Hakuna mbegu isiyo na lake. Kosa linalofanyika sana ni mtu kukimbia nyonga za Shepherd akaenda kununua mbwa mwenye pua iliyobonyea kwa kuwa ni mdogo na anabebeka, afu anagundua kupumua kwenyewe ni kazi, joto likipanda kidogo anakoroma amesimama. Kabla hujapenda sura kaa na daktari wa mifugo nusu saa umuulize, mbegu hii wanakuletea na shida gani mara nyingi? Yeye anawaona kila siku.

Moyo

Faida yake kubwa ni kwamba huyu mpya hafananishwi. Hakuna jina la kukosea. Ana masikio mengine, mwendo mwingine, harufu nyingine, na huzuni yako inabaki mahali pake bila kumsumbua. Hasara ni ule upweke wa ajabu wa miezi ya mwanzo, una mbwa ndani lakini unahisi bado huna, na wengine wanaanza kujilaumu kwamba wamewasaliti wa zamani. Dada aliniambia siku moja kwamba alikuwa anaona aibu kumtembeza Beagle njia ileile ya Simba. Alibadilisha njia. Kitu kidogo tu, ila kilimsaidia kuliko maneno yetu wote.

Inamfaa nani

Ambaye maisha yake yamegeuka, na ana subira ya kuwa mwanafunzi tena. Pia yule aliyeuguza mbwa kwa ugonjwa wa mbegu na hawezi kuuona tena, sio udhaifu huo.

NJIA YA TATU: CHOTARA, HASA ALIYEKWISHA KUKUA

Tabia

Ukikumbuka ile asilimia 9 utaona mantiki ya hii njia. Kama mbegu inakuambia kidogo tu kuhusu roho ya mbwa, basi mbwa wa miaka miwili ambaye roho yake inaonekana anakuambia mengi kuliko mtoto wa wiki nane mwenye karatasi nzuri. Chui nilimchukua akiwa na miaka miwili hivi kwa mtu aliyekuwa anahama. Nilikaa naye saa mbili, tukatembea, nikaangusha sufuria makusudi nione anafanyaje (aliruka pembeni, akarudi kunusa, basi), nikamuona na watoto, nikamuona na paka. Hayo yote kwa mtoto wa mbwa ni bahati nasibu.

Kigumu ni kwamba historia huijui yote. Ule muda wa wiki ya 3 mpaka kama ya 14 ambao mbwa anazoea dunia umeshapita na hujui aliona nini, labda hakuwahi kumuona mtu mwenye kofia, labda alipigwa na fagio. Na wiki za mwanzo sio sura yake kamili, wengi wanakaa kimya kama wageni, miezi mitatu ikipita ndo unamjua. Nilidhani Chui habweki. Anabweka.

Kama ni chotara mdogo, ukubwa nao ni wa kukisia. Watu wanaangalia nyayo, mi nimeshaona nyayo zikidanganya.

Nguvu

Kwa mkubwa unaona uzito wake wa mwisho kabla hujamchukua, na usiku wa kukojoa sebuleni umeshapita. Kwa mtu mwenye mgongo kama wangu hilo halina mfano. Chui ana kilo 19, namuinua mwenyewe kumuweka kwenye gari.

Afya

Tumeambiwa miaka yote kwamba chotara hafi mapema. Nimeamini hivyo muda mrefu na nimelazimika kupunguza sauti. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2024 uliangalia mbwa zaidi ya 580,000, wenye mbegu safi nusu yao walivuka miaka 12.7 na chotara 12.0. Kilichoonekana kuwa na uzito zaidi ni umbo: wadogo wenye pua ndefu wanaishi zaidi, wa kati wenye pua bapa ndo wanaondoka mapema. Na utafiti mwingine wa chuo cha UC Davis wa 2013 uliangalia maradhi 24 ya kurithi, 10 yalikuwa mengi zaidi kwa mbegu safi, 13 hayakuwa na tofauti, na moja, kukatika kwa kano ya goti, lilikuwa zaidi kwa chotara. Sasa hiyo sio kusema uchotara hausaidii, watafiti haohao wa UC Davis mwaka 2021 walipima mbegu 227 wakakuta kwa wastani ukaribu wa damu ni kama asilimia 25, yani kama wazazi wake ni ndugu wa tumbo moja, na huko ndiko maradhi yanakojificha. Nasema tu usimchukue chotara ukadhani umeaga daktari.

Moyo

Hakuna mwingine kama yeye, na hilo lina uzito pande mbili. Hutamlinganisha na mtu, ila pia siku akiondoka hutaweza kusema nachukua vilevile. Hakuna vilevile. Kwa wengine hilo linatisha, kwangu limekuwa nafuu, nikimwangalia Chui namwona Chui. Masikio yake moja limesimama moja limelala, na kuna kona ya jicho ni ya Malkia kabisa, sikulitafuta hilo ila sikatai likija.

Inamfaa nani

Anayependa mbwa kuliko picha ya mbwa kichwani. Na mzee, na mwenye familia yenye watoto ambaye anataka kumuona mbwa mzima kabla ya kuamua, na aliyechoka na mambo ya karatasi. Hamfai mwenye kazi maalum ya kumpa mbwa, kama unahitaji wa kuchunga au wa kunusa, mbegu ilizalishwa kwa sababu hizo na huko inalipa.

Sasa wewe uko wapi

Kama mbwa amekufa ndani ya mwezi huu na unatafuta mbwa wa mbegu hiyohiyo, rangi hiyohiyo, jinsia hiyohiyo, subiri. Sikuzuii kurudia mbegu, ila badili angalau kitu kimoja, kama alikuwa dume chukua jike, kama alikuwa mweusi chukua wa rangi nyingine, na jina liwe la herufi nyingine kabisa ili ulimi usiteleze. Bosi angenishukuru kwa hilo.

Kama maradhi ndo yamemuondoa, andika jina la ugonjwa kwenye karatasi uende nalo kwa kila mfugaji utakayeongea naye, uulize mmewahi kuona hii kwenye ukoo wenu. Mfugaji mzuri atakuambia ndio tuliiona kwa fulani na tukafanya hivi. Anayesema kwetu haijawahi kutokea hata siku moja, kwa mbegu ambayo inajulikana nayo, huyo mi simwamini.

Kama mna mtoto mdogo au mnahamia nyumba ndogo na moyo bado uko kwa mbegu kubwa ya kazi, tafuta ndani ya mbegu yenyewe kwanza, mkubwa wa miaka mitano sita aliyestaafu kuzalisha au aliyekosa mwenyewe. Hii njia watu wanaisahau kabisa. Unabaki na mbegu yako, ule moto umeshapoa, na nyonga zake zimeshapigwa picha au zinaweza kupigwa leo.

Kama umevuka miaka 60, piga hesabu bila kuogopa, mtoto wa mbwa wa leo anaweza kuishi miaka 12 au 13, nani atamshika ukiugua? Ongea na huyo mtu kabla, kwa jina, akubali mwenyewe. Ukishapata jibu hilo chagua unachotaka, ila mwenye kilo zaidi ya 20 mfikirie mara mbili.

Kama nyumbani hamkubaliani, mmoja anataka vilevile na mwingine hataki kuona hata picha ya mbegu ile, mara nyingi mnabishana kuhusu huzuni sio kuhusu mbwa. Nendeni mkakae na mbwa wa watu wengine jumapili mbili tatu, wa mbegu ile na wa nyingine, muone nani anavuta mkono na nani anainama kumshika.

Na kama wako bado yuko hai ila amezeeka, na unafikiria umletee mwenzake mapema kama nilivyofanya mimi, Chui alikuja Malkia akiwa amebakiza miezi saba, basi mkubwa aliyetulia ni afadhali kuliko mtoto. Wakutanishe nje kwanza, sehemu ambayo sio ya yeyote kati yao, kamba ziwe zimelegea. Mzee ale kwanza, awe na pa kulala ambapo mdogo hafiki, na ukiona mdogo anamparamia mwenye miguu mibovu mtenge hapohapo, usisubiri mpaka mzee alie.